Ile Barua Niliyokuandikia Nikicheka

Kwa Mwalimu Theuri,
S.L.P. 214,
Nyeri.

6 Julai, 1975

Mpendwa Mama Watiri,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi ya Nyeri, ambayo mwezi huu imeamua kututafuna mpaka mifupa. Hujambo huko? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa theluji kimepona? Na wale wagonjwa wazee uliosema wanakuita kwa jina lisilo lako, wamejifunza sasa kusema Gaceri, au bado?

Mimi mwili wangu ni mzima. Mume wangu Gicheru ni mzima, amebaki Mwea kwa sababu kitalu cha mpunga kiko tayari na maji yataingia mashambani wakati wowote. Binti yangu Wamucii ni mzima. Asubuhi ya kuondoka kwetu Mwea mara ya mwisho nilimwangalia akinywa chai yake hadi ikaisha, na utaelewa mbele kwa nini ninakutajia kikombe cha chai.

Najua umeona anwani ya juu na umeona haijaandikwa Mwea. Ninakufahamu, tayari umesimama. Keti, Gaceri. Mtoto yuko hai. Nimeliandika hilo hapa ili usianze kuruka mistari ukilitafuta. Watiri yuko hai, amelazwa hospitali hapa Nyeri, na leo ni siku ya kumi na tisa. Mimi ninakaa kwa Mwalimu Theuri, binamu wa Gicheru, na kila siku ninakwenda wodini.

Nilitaka kwanza kukupigia simu ya maandishi. Mwalimu alinipeleka posta, karani akanipa fomu, nikaandika "Watiri mgonjwa". Nikayatazama hayo maneno mawili, nikakuona ukiyapokea peke yako kwenye ngazi za bweni lenu, bila mtu wa kukushika. Nikaichana ile fomu. Kwa hiyo ni barua, na barua itachukua karibu wiki mbili, na sijui katika wiki hizo mbili yatakuwa yametokea mambo gani. Ninaogopa. Wewe unanijua, neno hilo si langu, lakini leo ndilo nililo nalo.

Mwaka jana nilikuandikia barua ya furaha. Naomba uikumbuke, maana kila kitu ninachokuambia leo kinaanzia pale.

Unamkumbuka mama yetu, mkwe wako, marehemu Watiri, kichwa chake kilivyokuwa miaka ile ya mwisho. Akiwekewa sahani tu, kichwa kinaanza: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Na mdomo huku unasema hapana, chumvi haitoshi, viazi havikuiva, na huyu mke wa Kihara kwa nini alitoka Meru wakati wasichana walikuwa wamejaa Karatina. Ulikuwa unaninong'oneza jikoni kwamba ungependa siku moja usikilize kichwa chake tu. Tulicheka mpaka akatusikia.

Mama alipofariki mimi nilikuwa kwenye matope ya Mwea. Ujumbe ulinichelewa, nikafika Karatina nikakuta udongo umekwisha kulainishwa kwa majembe. Hilo sikuwahi kulizungumza na mtu. Nililinyamazia, na nadhani ndilo lililonipofusha.

Na wewe binti yako wa kwanza alichukua jina la mama yake Kihara, kama ilivyo kwetu. Tangu siku ile mimi sikumwita mtoto, nilimwita Maitu, mama yangu, naye alipojua kusema akaniita Tata, shangazi. Nikakutania kwamba wewe uliyemzaa mama yangu umekuwa nyanya yangu, na kwamba ninakusubiri uninunulie sketi. Ndugu yangu Kihara akafa, Mungu amlaze pema, ukapata nafasi ya masomo ya uuguzi, ukaniachia mtoto wa miaka mitano. Ulipanda ndege hulii kwa sababu ulisema unamwacha kwa mtu anayemwita mama. Maneno hayo yako nayasikia sana siku hizi.

Basi mwaka jana, siku moja mchana, tunakula githeri, nikaona kichwa cha mtoto kinashuka na kupanda. Kinashuka, kinapanda, polepole, kijiko kikiwa katikati ya safari. Nilipiga kelele nikamwita Gicheru aje aone, Maitu amekuja. Nililia, Gaceri. Nililia kwa raha, nikashika ule uso mdogo nikamwambia karibu mama, umenisamehe. Jioni hiyo hiyo nikachukua kalamu nikakuandikia kurasa nne.

Mjomba wetu Kingori alikuja kutoka Karatina kumwona dada yake. Alikaa mkabala na mtoto, tukampa sahani, kichwa kikaanza. Kingori akapiga goti lake akasema, "Huyu ni Watiri mzima. Ati hata shingo ni yake." Akamwachia shilingi na ugoro kidogo kwenye karatasi, kwa utani, kwa sababu mama alipenda ugoro.

Hapa ndipo kalamu yangu inaanza kuwa nzito. Wageni walikuwa wakija, na mimi nilikuwa nampa chakula ili waone. Hata kama amekwisha kula. Niligundua kwamba njahi, zile mbegu nyeusi kama maharagwe mama alizozipenda, zilimfanya aanze upesi kuliko wali. Nikawa napika njahi kila Jumapili. Majirani wanakaa, mtoto anawekewa bakuli, tunasubiri, kichwa kinaanza, nyumba nzima inacheka na kupiga makofi. Sikuwa nacheka kwa ubaya. Lakini nilikuwa nacheka.

Wewe ukanijibu karibu na mavuno. Ulisema mitihani ilikuchelewesha. Ulishukuru, ukauliza habari za mpunga, na mwishoni kabisa ukaniuliza swali moja tu: je, anapofanya hivyo, huwa anajua kwamba anafanya?

Nilikasirika. Nakuambia ukweli wote leo, kwa hiyo na hili pia. Nilimwambia Gicheru, huyu Mmeru hataki mtoto wake awe mama yetu, amekwenda Ulaya kujifunza kuvaa kofia nyeupe na sasa anatufundisha mama yetu alivyokuwa. Nimekuandikia mara tatu tangu hapo, na mara zote tatu nililiruka swali lako kama mtu anayeruka mfereji. Nitalijibu leo. Nivumilie, nitalijibu kabla sijaweka kalamu chini.

Mwaka huu shule ilipofunguliwa, mwalimu wake alinitumia ujumbe kwamba Watiri anaandika nusu ya neno kisha anaacha, penseli ikiwa bado mkononi. Unajua alikuwa wa pili darasani. Nikasema mama naye hakusoma. Akaanza kusahau nimemtuma nini dukani, nikasema mama naye alikuwa anasahau. Akawa anakaa juani peke yake, hataki kucheza, mate yanamtoka kidogo, nikasema wazee ndivyo walivyo. Kila kitu kilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa lile jina lake. Mtoto wa miaka saba, Gaceri, na mimi nilikuwa namwona ajuza.

Jumapili ya tarehe kumi na tano Juni tulikuwa na akina mama wa kanisa nyumbani. Nikapika njahi. Watiri alikaa kwenye kigoda karibu na mafiga kwa sababu ya baridi. Kichwa kikaanza, tukaanza kucheka. Halafu hakikupanda tena. Kilishuka, na mtoto mwenyewe akakifuata, akaangukia ubavu kwenye moto. Na sisi bado tulikuwa tunacheka. Si muda mrefu, labda pumzi moja, lakini pumzi hiyo ninaisikia kila ninapokaa kula.

Nilimtoa. Mkono wa kushoto umeungua kutoka kiwiko hadi kwenye kifundo, uso haukuguswa. Hakulia. Alinitazama tu kama mtu aliyeamshwa, akauliza kwa nini mkono wake unanuka.

Asubuhi tulikwenda zahanati, wakamfunga mkono vizuri, wakampa vidonge vya malaria, wakaniambia nimpeleke hospitali kubwa. Siku ya pili yake tukaondoka. Tulipofika Kagio, tukingojea gari la kuja Nyeri, pale kati ya marundo ya nyanya na vitunguu, akashikwa na kifafa kikubwa. Povu, macho juu, mwili mzima. Wachuuzi wakavuta magunia yao wakarudi nyuma, unajua watu wanavyoogopa yale mate. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyekuja, muuza mchicha, akavua kitambaa chake akakiweka chini ya kichwa. Sikumuuliza hata jina. Siku hiyo hatukuweza kuendelea, tukalala kwa watu wa kanisa palepale Kagio, na kesho yake tukafika Nyeri.

Daktari anayemshughulikia ni mtu wa kwenu, anaitwa Mburugu. Nilipomwambia mama wa mtoto ni wa Meru alitabasamu, akaniuliza umetoka sehemu gani. Ni kijana, lakini hana haraka, na hamwambii mtu vitu vya kumfurahisha. Siku ya tatu alinikalisha kwenye benchi akasema, "Mama, mimi sitakudanganya. Hii ugonjwa siijui. Niko na maswali mingi, majibu sina." Wagonjwa wengine wana karatasi kwenye kitanda, imeandikwa nimonia, imeandikwa surua. Ya Watiri imeandikwa alama ya kuuliza. Kila nikiingia wodini ninaitazama kwanza ile karatasi, kuona kama wamepata neno la kuandika.

Walitaka kumchota maji kwenye uti wa mgongo. Kingori alikuwa amekuja na aliposikia akasimama. Alisema, "Wakonyo, hapana. Hii kitu ni ya wazee. Watiri anataka mbuzi, na wewe unataka kumtoboa mgongo." Alisema mtoto akitolewa maji yale hatatembea tena. Nilisimama kati yake na yule muuguzi mwenye fomu. Nikafikiria, ningekuwa Gaceri ningefanyaje. Nikatia sahihi. Fomu iliuliza jina la mzazi, nikaandika jina lako, na chini yake langu, kwa herufi ndogo. Kama nimekosea, ni mimi niliyekosea, si wewe.

Alilia sana wakati wa kuchotwa, lakini anatembea. Maji yalikuwa meupe kama ya mvua. Daktari Mburugu alisema hiyo ni habari njema, halafu akasema pia haituambii kitu. Mbuzi naye amechinjwa, nikuambie tu. Kingori alimchinja Karatina bila kuniuliza. Kichwa hakikuacha.

Sasa nakuja kwenye jambo ninalolihitaji kwako, na ndilo lililofanya niandike leo wala si kesho.

Daktari aliponiuliza tunaishi wapi na mtoto hucheza wapi, nikamweleza mashamba ya mpunga, mfereji, na mto. Aliandika sana. Baada ya siku nne akaja na mtu anayeitwa Bwana Ngatia, afisa wa wadudu. Kazi yake yote ni wadudu, Gaceri, na mtu mwenyewe ni mwembamba, anatembea kama anayeogopa kukanyaga kitu. Wanafikiri, wanafikiri tu, hawana uhakika, kwamba labda ni mdudu aliyemuuma mtoto na kumwachia kitu mwilini ambacho sasa kimefika kichwani. Daktari amesikia kwamba katika nchi nyingine, karibu na mito yenye kasi, kuna watoto wanaotikisa kichwa hivihivi wakiona chakula. Hakuna anayejua sababu. Wengine wanasema ni inzi mdogo wa mtoni, wengine wanasema hapana.

Wiki iliyopita nilirudi Mwea na Bwana Ngatia kwa siku mbili. Ana kichupa chenye mpira, anamvuta mbu kwa pumzi kutoka ukutani bila kumvunja mguu. Alikusanya mbu nyumbani kwetu mpaka nikaona aibu, kana kwamba ni uchafu wangu. Akaniambia, "Hapana mama, hii mbu ni ya kila mtu hapa." Halafu akamwomba Gicheru akunje suruali akae kando ya mto Thiba, pale kwenye mawe tunapofulia, kuanzia asubuhi mpaka saa sita, amwonyeshe kila kinachomuuma. Mume wangu, ambaye hata kwangu hakubali kukaa bila viatu, alikaa pale miguu nje, watu wakipita wakimuuliza kama amelaaniwa. Wakapata vile vinzi vidogo vyeusi vyenye kinundu mgongoni, havizidi punje ya wimbi. Watu wa pwani wanaviita usubi. Sisi tulikuwa tunavipiga makofi tu na kuendelea kufua.

Ngatia alinieleza kwamba mbu anataka maji yaliyotulia, na usubi unataka maji yanayokimbia. Nikasimama pale nikatazama. Upande mmoja mpunga, upande mwingine mto. Watiri nilikuwa naye kila mahali. Alikaa kwenye yale mawe akinisubiri nifue, miguu wazi, akijikuna, nami nikimwambia mama acha kujikuna. Kama ni mbu, alimuuma nyumbani mwangu. Kama ni usubi, alimuuma kando yangu. Hakuna mahali ninapoweza kumweka mtoto wako katika mawazo yangu ambapo mimi sikuwepo.

Daktari na Ngatia wanataka kujua ni lini hasa kichwa kilianza. Kama kilianza kabla maji hayajaingia mashambani, Ngatia ataanza kutafuta mtoni. Kama kilianza mpunga ukiwa umefurika, ataanza na mbu. Alinionya kwamba huo si ushahidi, lakini mtu lazima ajue aanzie upande gani, na mtoto hana muda wa kungoja pande zote mbili. Mimi nasema kitalu kilikuwa bado. Gicheru anasema tulikuwa tumekwisha kupanda. Tumegombana juu ya hilo mpaka tukaacha, kwa sababu wote wawili tunaona hatujui. Hatukuandika siku hiyo mahali popote.

Ila katika ile barua niliyokuandikia. Juu ya barua ile niliandika tarehe, huwa siachi kuandika tarehe, shuleni nilichapwa kwa kuisahau. Na ndani niliandika mara ngapi kichwa kilishuka, kama macho yalikuwa wazi, kama alikuwa na homa wiki ile, kama kijiko kilidondoka. Kurasa nne. Niliandika kila kitu kwa kuwa nilikuwa na furaha. Siikumbuki hata nusu yake. Nilipomwambia Daktari Mburugu kwamba kuna barua Uingereza, aliacha kuandika akanitazama, akasema, "Hiyo barua ndiyo ripoti yetu ya kwanza. Mwambie mama wake asiichane."

Kwa hiyo tafuta ile barua, Gaceri. Kama uliiweka kwenye Biblia, iko pale. Kama uliitupa, usijilaumu, lakini fikiria sana ulikuwa wapi ulipoisoma na ilikuwa mwezi gani. Ukiipata, usiitume yenyewe, inaweza kupotea. Nakili kila neno, hata yale ya kipumbavu niliyoyaandika kuhusu mama kurudi, maana huwezi kujua lipi ni la maana kwao. Nitumie kwa anwani hii ya Nyeri. Na kama una picha ya mtoto ya kabla hujaondoka, daktari anaomba.

Najua utauliza kama uje, na hilo siwezi kulijibu. Daktari ameniambia atawaandikia wakubwa wako wa chuo. Dawa ya kifafa wanayompa imepunguza kile kikubwa, hakijarudi tangu tarehe ishirini na sita. Kile kidogo cha kichwa bado kipo, hasa asubuhi wakati wa baridi na wakati wa kula. Nilimuuliza daktari kama atapona akili yake ikarudi kama ilivyokuwa. Alisema hajui. Nikamuuliza kama atakufa. Alisema hajui, lakini leo hapana. Nimejifunza kuishi kwa hiyo leo hapana.

Kuna jambo jingine, na ndilo linalonifanya nishindwe kula. Mtoto wa jirani yetu Wamae, yule mdogo wa nyumba za mstari wa pili, mama yake ameniambia kwamba siku hizi anakodoa macho kikombe kikiwa mdomoni. Huyo hana jina la mama yetu wala la mtu yeyote wa kwetu. Ngatia anasema watoto wawili bado si kitu. Nilipokuwa nyumbani nilimwangalia Wamucii kila mlo. Akiinamisha kichwa kuchukua kiazi, moyo wangu unasimama mpaka akiinue. Ameanza kunificha, anakula nje na sahani mgongoni. Nimemleta kwa Mwalimu Theuri hapa Nyeri, mbali na mto na mbali na mpunga, lakini sijui kama nimemtoa mapema au nimechelewa, na hakuna anayeweza kuniambia.

Gicheru anakusalimu sana, anasema usitie shaka, naye hajalala vizuri tangu Juni. Mwalimu Theuri na mke wake wanakusalimu. Kingori anakusalimu pia, ingawa bado hazungumzi nami kwa sababu ya mgongo. Nimemwandikia dada yako Kathure huko Meru, na amesema atakuja Jumamosi akae na mtoto wiki moja ili nami nikaone mpunga. Nisalimie wale wagonjwa wako wazee, na yule rafiki yako wa Ghana aliyekushonea koti.

Sasa swali lako.

Jana mchana nilimpelekea chakula wodini. Siku hizi namlisha mwenyewe, nikiwa nimemshika bega, na simwiti Maitu tena, namwita Watiri. Kichwa kikaanza. Nikasubiri kama walivyonifundisha, nikihesabu kimya kimya, mpaka kikaacha. Akanitazama. Akasema, kwa ile sauti yake ambayo sasa inatoka polepole, "Tata, mbona siku hizi hamcheki?" Nikamuuliza tucheke nini. Akasema, "Zamani nikikula, watu wote walikuwa wanacheka na kupiga makofi. Nilikuwa nafikiria ni kwa sababu nakula vizuri." Akachukua kijiko, akala vizuri, akanitazama tena.

Hajui, Gaceri. Hakujua hata siku moja. Uliniuliza, na mimi sikumwuliza.

Mungu akushike mkono mpaka usome mstari huu, na akulete kwetu salama siku yoyote utakayokuja. Andika upesi.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda na kukuogopa,

Wakonyo